Mpagazi Asiyeitikia

Baragumu langu nimemkabidhi kijana mmoja wa kijiji cha Kikuyu, hapa jirani, mwenye mapafu mazuri na akili ya kutosha, na kwa kazi ya kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, ni afadhali mambo yakae kwa mpangilio huo. Kilemba cha ngozi ya mbega nimebaki nacho mwenyewe. Kimeliwa na nondo na hakuna aliyekitaka. Sasa nakaa mlangoni kwangu hapa Dodoma, nasikia gari la moshi likipiga kelele, na kila alfajiri miguu yangu inaamka kabla yangu ikitaka kuondoka. Naiambia itulie, haisikii.

Ninyi mliobaki kazini, mnaochukua mizigo ya kwenda Kondoa na ile ya kushuka Mtera mpaka Iringa ambako reli haijafika, mmenitaka niwaandikie kazi ilikuwaje zamani. Sitaandika nani alifanywa mnyapara na nani alilipwa nini. Waliolipwa vizuri wamekwisha kula, na waliopunjwa wamekwisha kulalamika. Nitaandika habari za njia, na za Mzee Kapela aliyenifundisha kazi, na za hadithi moja tuliyokuwa tukiisimulia kambini, ambayo nusura iniulie mjomba.

Mama yangu ni Mgogo. Baba alikuwa Mnyamwezi, mpagazi aliyeachwa Kikuyu na msafara kwa sababu ya kidonda cha mguu. Kidonda kikapona, yeye akasahau kuondoka. Kapela alikuwa rafiki yake wa safari, na kila msafara wake ulipopita alikuja kwetu kula mlenda na kumsema baba kwa uvivu. Baba alipofariki, Kapela aliendelea kuja, na siku moja alinitazama miguu muda mrefu kabla hajanitazama uso. Akasema, "Huyu anafaa. Ana nyayo za mtu anayependa kuondoka." Nikaondoka.

Siku yangu ya kwanza sikupewa mzigo. Nilipewa ngoma ya Kapela niibebe nyuma yake, nikadhani ni dharau, kumbe ni shule. Mtu anayetembea nyuma ya kirangozi anaona kila kitu. Niliona jinsi alivyokuwa akichagua upande wa njia wenye udongo mgumu, na jinsi alivyopunguza mwendo kabla ya mtu yeyote hajalalamika. Alinifundisha kusokota ngata ya nguo kuukuu isiyoteleza kichwani, kupaka ndala za ngozi mafuta zisikakamae, na kukagua kibuyu cha maji kila jioni kwa kukigonga kwa ukucha na kusikiliza kama kina ufa. Wakati ule Mdachi alikuwa amekwisha kujenga boma lake Mpwapwa, na askari wake walikuwa wakitusimamisha kukagua bendera ya msafara. Bendera zilibadilika. Sisi tuliokuwa chini ya mizigo hatukuona tofauti yoyote ya uzito.

Zaidi ya vyote alinifundisha wimbo. Msafara ni mrefu, njia ni ya mtu mmoja mmoja, na kwenye vichaka vya Ugogo aliye nyuma hamwoni aliye mbele. Kirangozi hutoa, wengine huitikia, na sauti hupita kutoka kichwani mpaka mkiani kama kamba iliyowafunga wote. Anayeitikia anajulikana yupo na mguu wake unajulikana ulipo. Ndiyo maana mtu asiyeitikia alitazamwa vibaya. Walisema analeta nuksi, analegeza msafara, moyoni mwake kuna jambo. Hakuna aliyependa kutembea nyuma yake.

Tulikuwa tukitembea tangu alfajiri mpaka jua lianze kuchoma, kisha tukaweka kambi. Mchana wote uliobaki ulikuwa wa kupika, kushona ndala na kusikiliza hadithi. Jamani, nayakumbuka mambo hayo. Moshi wa vijungu vingi, mtu anatolewa mwiba huku analalamika, wanawake wanatwanga, na Kapela ameegemea marobota ya nguo, kilemba kichwani, akingoja aombwe. Alipenda kuombwa. Nimesikia wasimulizi wengi tangu hapo, wakiwemo wa pwani wenye maneno ya hariri, na hakuna aliyemfikia.

Hadithi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya mpagazi asiyeitikia. Palikuwa na msafara, alisema Kapela, na katika msafara palikuwa na mtu asiyeitikia wimbo. Kila walipofika kisimani, kisima kilikuwa kikavu. Wakampiga, hakuitikia. Wakamlisha nyama, hakuitikia. Basi siku moja ndege akatua kwenye kilemba cha kirangozi, akajenga kiota, akataga, na kirangozi akalazimika kutembea taratibu kama bibi harusi asivunje mayai. Yule mpagazi akaona, akacheka. Alipocheka tu, nzi mweusi akamtoka mdomoni, akaruka zake. Visima vikajaa. Mtu yule akaimba kuliko wote, akapewa mke, wakafika. Kapela alipofika kwenye "akacheka" alisimama akatembea kwa mwendo ule wa mayai, mzee mzima, na kambi yote ikavunjika mbavu.

Nami nilicheka, na hata leo nikimkumbuka nacheka. Lakini nimezibeba hadithi nyingi kuliko pembe za ndovu, na kuna jambo nimeliona ndani yake. Mwanamke asiyecheza ngoma na wenzake, mwisho wa hadithi anaonekana ni mchawi. Mtoto asiyesema anaonekana ni mwana wa mtemi aliyefichwa. Mtu anayekaa peke yake ameingiwa na nzi, au nyoka, au ametupiwa kitu. Kitu hicho lazima kitoke, na kikitoka anajiunga na wengine, na msimulizi anaachwa akale. Katika hadithi zote hizo sijapata kukutana na mtu mwenye huzuni tu.

Mjomba wangu Ndahani alikuwa mtu wa namna hiyo. Alikuwa mdogo wake mama, akikaa Buigiri, na kabla ya sotoka, tauni ya ng'ombe, zizi lake lilikuwa linajaa. Sotoka ilipokuja ng'ombe walikufa Ugogo nzima. Watu walilia, wakapiga ramli, wakatukana, halafu mvua iliponyesha wakashika majembe. Mjomba hakulia na hakushika jembe. Alikaa kwenye mlango wa tembe lake akitazama zizi tupu, akikonda. Mkewe alivumilia mpaka akarudi kwao. Kila aliyepita alimwambia ajikaze. Waliomwambia walikuwa wengi mno, na wote walitumia neno hilohilo.

Mama alifikiri njia itamsaidia. Msafara wa Kapela ulipopita ukielekea pwani alimleta mjomba kwa mkono, mtu mzima mwenye mabega mapana, akamsimamisha mbele ya Kapela.

"Shemeji, huyu ni ndugu yangu. Ana nguvu za kubeba, ila moyo wake umelala. Nenda naye pamoja na mwanangu."

"Njia itamwamsha, shemeji," Kapela akasema.

"Sijui itamfanya nini. Mimi nakupa watu wawili, unirudishie wawili."

Alilisema bila kunyanyua sauti, akinitazama mimi. Nilikuwa nimekwisha kuota ndevu, na nilielewa kwamba neno lile nimekabidhiwa mimi kuliko Kapela.

Kama mpagazi mjomba hakuwa na kasoro. Alibeba robota zito kuliko la mtu mwingine, hakuiba, hakugombana, hakuchelewa kuamka kwa sababu nadhani hakuwa analala. Ila hakuitikia. Wimbo ulipofika kwake ulikatika, na aliye nyuma yake ilibidi aurukie. Mpaka tunafika Bagamoyo, msafara wote ulikuwa umekwisha kumwita "yule wa hadithi." Tulipogeuza kurudi bara na mizigo ya nguo na shanga, wakaanza kuifanyia kazi hadithi yenyewe.

Aliyeongoza shughuli hiyo ni Songoro, Mswahili wa pwani, mcheshi ambaye angeweza kumchekesha askari wa boma. Mnamjua, ni huyu mwenye duka sokoni hapa Dodoma, sasa ana kitambi na heshima. Siku hizo hakuwa na chochote kati ya hivyo viwili. Alivaa kilemba cha Kapela akatembea kwa mwendo wa mayai mbele ya mjomba. Aliiga punda, aliiga Mdachi anayekunywa uji wa moto, aliniiga mimi. Hakuwa na ubaya, nataka mjue. Walikuwa wanampenda mjomba wangu. Kila Kapela alipofika kwenye "akacheka," vichwa vyote viligeuka kumtazama, na nyuso zilikuwa za watu wanaotaka kwa moyo wote ndugu yao apone.

Tulifika Chunyo, mahali pa maji ya mwisho kabla ya Marenga Mkali. Ninyi mnaopita pale juu ya reli hamwezi kujua. Marenga Mkali ni nyika isiyo na maji kati ya Mpwapwa na Ugogo. Unajaza vibuyu Chunyo, unaingia, na hukutani na maji mengine mpaka utoke upande wa pili. Mchana ule Kapela alisimulia tena. Songoro alivaa kilemba. Ikafika "akacheka," vichwa vikageuka, na mjomba akawatazama wote, mmoja mmoja, kama mtu anayeagana na wageni. Kisha akacheka.

Alicheka kama anayekohoa, halafu akaongeza. Kambi ililipuka. Walimnyanyua juu, ngoma zikapigwa, Kapela akachana kipande cha nguo nyekundu ya kirangozi akamfunga begani huku machozi yanamtoka. Jioni mjomba aliimba nao, kwa sauti kubwa. Nilifurahi kiasi cha kushindwa kula. Nilianza kupanga jinsi nitakavyomwambia mama.

Kisha akaanza kugawa. Tumbaku alimpa Songoro. Ndala zake alimpa mtu wa nyuma yake, na kibuyu chake alimpa mwenzetu mmoja ambaye chake kilipasuka. Tukaambiana kwamba amepona kabisa, hata mkono umefunguka.

Mke wa Kapela alikuwa anaitwa Nyamizi. Alisafiri nasi siku zote, akibeba vyombo vya mumewe na kibuyu chake mwenyewe, kikubwa, chenye shanga za bluu shingoni. Alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyepika ugali mgumu. Nilimsikia akimwambia mumewe:

"Kapela, yule amegawa kibuyu."

"Ni furaha hiyo, mke wangu."

"Kesho tunaingia Marenga Mkali. Nani anagawa kibuyu leo?"

"Atakunywa kwa wenzake. Mwache mtu apumue, ndiyo kwanza amepona."

"Amepona wapi? Wewe unasikiliza mdomo tu," akasema Nyamizi, akaendelea kusonga ugali.

Tuliingia nyikani alfajiri. Mjomba aliimba. Nilikuwa mbele na ngoma yangu, nikiisikia sauti yake nyuma kabisa, na nilitembea mwepesi kama sina mzigo. Jua lilipokuwa limepanda nikagundua kwamba siisikii tena. Nikasikiliza. Wimbo ulikuwa unakatika mahali palepale pa zamani. Nikamwambia Kapela, Kapela akanyanyua mkono, na wale wa mkiani walipotufikia walitwambia kwamba robota la Ndahani wamelikuta kando ya njia.

Tulirudi kulitazama. Mtoro hukimbia na mzigo, au huutupa kichakani na kutokomea. Robota lile lilikuwa limewekwa juu ya jiwe, chini yake pametandikwa majani lisishike vumbi, na juu yake kile kitambaa chekundu kimekunjwa vizuri. Hakuna mtoro aliyewahi kuaga hivyo.

"Ametoroka," mnyapara akasema, ingawa hata yeye hakuonekana kuamini. "Twendeni. Huku haturuhusiwi kumngoja mtu, mnajua."

Ilikuwa kweli. Katika Marenga Mkali msafara haukumngoja mtu, awe mgonjwa, awe mama aliyejifungua, kwa sababu kila aliyengoja alikunywa maji ya wengine. Kapela mwenyewe ndiye aliyekuwa ametufundisha sheria hiyo. Alisimama akitazama robota. Hadithi yake haikuwa na sehemu hii.

Nyamizi alitua vyombo vyake akakaa chini katikati ya njia.

"Mimi nakaa," akasema.

"Nyanyuka, mama. Utakufa kwa kiu," mnyapara akamwambia.

"Basi mtakuwa mmeacha wawili."

Kapela alimtazama mkewe. Kisha akageuka akaamuru watu watue mizigo, mahali ambapo hakuna aliyewahi kutua mzigo, na wapagazi wakatii wakinung'unika. Nyamizi alifungua kibuyu chake kiunoni akanipa. "Mpelekee. Mwambie ni changu, na nakitaka."

Tulikwenda mimi na Songoro. Alitaka kuja, nami sikuwa na nguvu za kumkatalia. Hatukwenda mbali. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kivuli cha kichaka cha miiba, mgongo ameupa njia, mikono juu ya magoti, ametulia kama mtu aliyemaliza kulima. Songoro alivuta pumzi, nikaona uso wake unajiandaa kwa mzaha.

"Ndahani, bwana, hata punda akichoka huwa—"

"Songoro, nimeshacheka," mjomba akasema.

Songoro akarudi nyuma hatua moja.

"Mlitaka nicheke, nimecheka. Mlitaka niimbe, nimeimba. Hadithi imekwisha. Hakuna kitu kingine mle cha mimi kufanya."

Hakusema kwa hasira. Songoro aliketi hapohapo alipokuwa amesimama, akafunika uso kwa mikono, akalia. Mimi nilikuwa naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, hata simba hakunitisha hivyo. Nilimwambia kwamba mama anangoja watu wawili. Akasema nimwambie amepotea. Nikasema siwezi kumdanganya mama. Akasema nitaweza, wengi wanaweza. Sikuwa na jingine, nikamnyooshea kibuyu.

Alikipokea kwa sababu mkono wa mtu hupokea. Akakigeuza, akaona shanga.

"Hiki cha nani?"

"Cha Mama Nyamizi. Amesema nikwambie ni chake, na anakitaka."

"Na yeye anakunywa nini?"

"Hanywi. Amekaa njiani."

Alinywa kidogo, akakiziba. Tukakaa. Hapo nikapata wazo ambalo nilijivunia kwa miaka mingi. Nilikumbuka mzigo wa mti, ule wa watu wawili, unafungwa katikati ya mti na kila mmoja anaweka ncha begani. Desturi yake ni kwamba wa mbele anaimba na wa nyuma anaitikia. Lakini hata bila wimbo unakwenda, kwa kuwa wa nyuma hana budi kuufuata mguu wa mbele, akichelewa bega linamwambia.

"Mjomba, bega la Songoro limechubuka," nikasema. "Tufunge robota lako na lake kwenye mti. Wewe mbele, yeye nyuma. Hatutaki wimbo. Tunataka hatua tu, ya namna yoyote utakayokwenda."

Kisha akainuka, kibuyu mkononi, na nikajiona mtaalamu.

Alimrudishia Nyamizi kibuyu chake mbele ya watu wote. Nyamizi akakitikisa, akasikia kilivyojaa, akanywa funda moja, akamrudishia. "Kaa nacho. Nitakidai tukifika majini." Tukafunga mti. Songoro alitembea nyuma ya mjomba bila kusema neno, na kwa Songoro kunyamaza kulikuwa kazi kuliko mzigo wenyewe. Kapela hakupiga ngoma. Msafara wote ulikwenda kwa mwendo wa mjomba, taratibu, midomo ikipasuka, na watu wakilaani kimyakimya. Tulifika majini tumechelewa sana lakini tumetimia. Mjomba alipopeleka kibuyu, Nyamizi alikuwa anapika. "Nitakidai tukifika Kikuyu," akasema bila kugeuka. Tulipofika Kikuyu mama alitoka nje ya tembe, akatutazama, akasema "Mbukwenyi," salamu yetu ya Kigogo, akaingia ndani haraka. Nilimsikia akilia huko. Na msafara ulipokuwa unaondoka kwenda Unyanyembe, kwao Kapela, mjomba alimfuata Nyamizi na kibuyu, naye akamwambia, "Nina mikono mingapi? Kitunze. Nitakidai tukipita tena."

Ikawa hivyo miaka yote. Msafara ukipita, swali lake la kwanza ni kama kibuyu kipo. Kipo, Mama. Basi kitunze, nitakidai tukirudi.

Msidhani mjomba alipona. Ndivyo hadithi zinavyotudanganya, na ndiyo maana naandika. Alisafiri nasi safari nyingi, miaka mingine akiwa mzuri, analima, ananunua mbuzi, anatabasamu akitaka. Halafu ile huzuni inarudi. Alikuwa na neno lake: alisema, "Leo nipo zizini," basi. Tukisikia hivyo tulifunga mti, mjomba mbele, Songoro nyuma kimya. Hakuna aliyemwambia ajikaze. Wapagazi wageni walipouliza kwa nini yule haitikii, Songoro aliwajibu kwamba yule ndiye anayetoa mwendo, na akawatazama kwa jicho lililowafanya wasiulize tena.

Kapela alijaribu kuisimulia ile hadithi mara moja tu baada ya hapo. Alifika kwenye ndege, akafika kwenye mayai, akasimama. Hakuna kichwa kilichogeuka. Akasema, "Mwisho wake umenipotea," akakaa chini akaomba tumbaku. Nilimhurumia sana mzee wangu siku ile. Macho yake yalipoanza kuisha alinivisha kilemba, nami nikairithi kazi pamoja na hadithi isiyo na mwisho.

Mwisho nikautunga mimi. Katika hadithi yangu ndege anataga na mtu hacheki, na msafara unaamua kufuata hatua yake, na wanafika. Ninyi wengine mliisikia mkalalamika.

"Na visima vikajaa?" mliniuliza.

"Havikujaa. Walikunywa yaliyokuwepo."

"Na nzi?"

"Hapakuwa na nzi."

"Hadithi gani hii, kirangozi?" Mlisema haina utamu, na ni kweli haikuwa nao. Lakini mwaka hadi mwaka alikuwepo mtu mmoja kambini ambaye baada ya hadithi alikuja peke yake kuniomba awekwe kwenye mzigo wa mti.

Reli ikafika. Wadachi walileta vyuma, na mizigo iliyotuchukua miezi ikaanza kupita mbele ya macho yetu kabla uji haujapoa. Safari za njia kuu zikafa. Vyuma vilipoendelea mpaka kwao, Kapela na Nyamizi, wazee sasa, yeye haoni na mkewe magoti yamekataa, wakaamua kurudi Unyanyembe kwa gari la moshi. Nilikwenda stesheni kuwaaga. Mjomba naye alikuja, kwa miguu kutoka Buigiri, na kibuyu begani. Alikuwa amekivisha shanga mpya kwa sababu uzi wa zamani ulioza.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Ndahani. Kibuyu kipo?"

"Nimekuletea. Misafara imekwisha, Mama. Hutapita tena."

Nyamizi alikuwa amekwisha kupandishwa, amekaa karibu na dirisha, na Kapela pembeni yake ameshika fimbo kama bado ndiye anayeongoza. Alikitazama kibuyu muda mrefu. Kisha akakisukuma nje kwa kiganja.

"Humu kitavunjika. Kitunze, nitakidai nikirudi."

Sote tulijua harudi. Gari likaondoka. Tulibaki tumesimama kwenye kokoto, na mimi, kwa kuwa nilikuwa na huzuni na nilitaka kusifiwa, nikamwuliza mjomba jambo ambalo sikuwahi kumwuliza: kama siku ile kwenye miiba ni ile habari ya mzigo wa mti iliyomwinua. Nikamwambia nimeisimulia hivyo kambi zote, watu wakafuata hatua yake, akafika.

"Hatua zilinifikisha, mpwa wangu. Hadithi yako si mbaya."

"Lakini?"

"Lakini moyoni nilikuwa nimekwisha kuinuka. Cha kwangu nilikigawa makusudi. Mkaniletea cha mtu." Akakigonga kibuyu kwa ukucha, akasikiliza. "Ningekufaje na kibuyu cha mtu mkononi?"

Nilicheka, na yeye akatabasamu kidogo.

Juzi wafanyakazi wa reli wameleta habari kutoka Unyanyembe kwamba Nyamizi amefariki. Walinipa mimi nizifikishe. Nimebeba mizigo mizito maishani, lakini sijabeba kama ule wa kutoka Dodoma mpaka Buigiri. Njia nzima nilijiuliza kama nina haki ya kumfikishia, na kama nina haki ya kumficha. Nilimkuta amekaa kwenye mlango wa tembe, akitazama zizi, na nikajua tangu mbali kwamba yupo mle zizini mwake. Hakuinuka kunisalimu. Kibuyu kilikuwa kinaning'inia juu ya kichwa chake. Nikakaa karibu naye, na baada ya kukaa sana nikamwambia.

Kivuli cha tembe kilitembea kikatufikia miguuni. Kisha akanyoosha mkono, akakitungua kibuyu, akakitikisa, kikasikika kimepungua.

"Alisema atakidai akirudi," akasema. "Hakusema lini."

Akainuka akashika njia ya kisimani kukijaza. Hakuimba, nami sikuimba. Nilimfuata nyuma kwa hatua yake.